Pabu Si Kijiwe cha Walevi

Kuna imani moja iliyoota mizizi miongoni mwa Waswahili tunaoishi Uingereza, na imevuka bahari hadi kwa ndugu zetu nyumbani: kwamba pabu ni kijiwe cha walevi, na mtu mwenye heshima zake hakanyagi humo. Nimeisikia Leicester, nimeisikia Reading, nimeisikia misibani na arusini. Mama mmoja ninayemheshimu sana aliwahi kuniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, na wewe siku hizi unaingia pabu?" Nikamjibu, "Naingia, mama, na pombe sinywi." Akatikisa kichwa, mazungumzo yakaishia hapo. Imani hiyo ni ya uongo, na inatugharimu.

Niseme kwanza nisiyegombana naye. Mwislamu anayeshika kwamba haketi palipo pombe ana hoja ya dini yake, na ninaiheshimu. Ninayegombana naye ni yule ambaye akiwa Dar es Salaam au Nairobi hukaa baa ya nyama choma na familia yake tangu saa nane mchana, meza ya jirani imejaa chupa na wala hajali, lakini akifika Uingereza huiona pabu ya mtaani kwake kama najisi.

Anayetafuta kulewa kwa bei rahisi Uingereza hana haja ya pabu. Painti moja ya bia, yaani mililita 568, hukaribia paundi 5, na katikati ya London huzidi hapo. Kwa pesa hiyo supamaketi atampa makopo matatu au manne. Ndiyo maana sehemu kubwa ya pombe inayouzwa nchini humo hununuliwa madukani na kunywewa majumbani, ambako hakuna wa kumwambia mnywaji kwamba sasa basi. Pabuni yupo wa kumwambia. Kwa England na Wales, sheria ya leseni ya mwaka 2003 inasema ni kosa kumuuzia pombe mtu aliyekwisha kulewa. Walevi wapo, sikatai. Ijumaa usiku katikati ya miji utawakuta wamekaa ukingoni mwa barabara hawajiwezi. Lakini kuihukumu pabu ya mtaa kwa vurugu za usiku ule ni kuwadhulumu watu wengine wote wanaoitumia siku zilizobaki.

Ingia Jumapili saa saba mchana ujionee. Utamkuta bibi kizee na wajukuu, mume na mke hawasemi sana lakini wanakula, mbwa amelala chini ya meza. Sahani zinatoka jikoni: nyama ya ng'ombe iliyookwa taratibu na kukatwa vipande vyembamba, viazi vya oveni vyenye ganda kavu nje na ulaini ndani, karoti, kabichi, na juu yake ile Yorkshire pudding, kinyunya cha unga, mayai na maziwa kilichofura kwa joto kikabaki na shimo katikati. Shimo hilo ni la mchuzi. Usiache mtu akuondolee sahani kabla hujalijaza. Wanaosema chakula cha Kiingereza hakina ladha wamekula cha kantini za kazini wakadhani wamemaliza. Asiyekula nguruwe aulize, maana viazi na chipsi hupikwa kwa mafuta ya aina nyingi, na mhudumu amezoea swali hilo. Mimi huagiza maji ya soda yenye ndimu. Hakuna anayetaka kujua kwa nini.

Lakini chakula si kiini cha maneno yangu. Tumekuwa tukilalamika miaka yote kwamba Waingereza ni watu baridi, kwamba unaweza kuishi miaka ishirini ukuta kwa ukuta na mtu usijue hata jina lake. Ni kweli, mlangoni kwake hatakukaribisha, na ndani ya treni hatakusemesha. Sasa ujirani wao wanaufanyia wapi? Wanaufanyia kwenye kaunta ya pabu. Mwanaanthropolojia Kate Fox, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu tabia za watu wake Waingereza, ameeleza kwamba kaunta hiyo ni miongoni mwa sehemu chache sana ambapo kumsemesha mtu usiyemjua si utovu wa adabu. Ukikaa meza ya pembeni watakuacha na faragha yako. Ukisimama kaunta umeshatoa ruhusa.

Fundi bomba mmoja mstaafu, mzee wa dhumna, ndiye aliyeniambia kaunta hapo kwamba manispaa hukodisha vipande vya bustani kwa wakazi kwa pesa kidogo, na ofisi gani niandikie. Sasa nalima mchicha. Kwenye barua zote za manispaa zilizoingia nyumbani kwangu sikuwahi kuliona jambo hilo, nikalipata kwa mzee ambaye sikumjua jina hadi jioni ile. Mtu akikununulia kinywaji, zamu yako inakuja, na soda ina hesabu sawa na bia. Anayeondoka kabla ya zamu yake hukumbukwa. Alhamisi kuna chemsha bongo, Jumamosi mpira, kwingine mashindano ya vishale. Hata mpira wenyewe tunaougombania kila wikiendi umepita huko: Chama cha Soka cha England kiliundwa tarehe 26 Oktoba 1863 ndani ya Freemasons' Tavern, London.

Wengine watasema pabu ni ya Wazungu na sisi hatutakiwi. Hoja hii ina historia ya kweli, na historia hiyo ndiyo inayonitia uchungu zaidi ninapoona tunavyozikwepa pabu. Mwaka 1943, kule Bamber Bridge, Lancashire, wakuu wa jeshi la Marekani walitaka wanajeshi wao weusi watengwe kwenye pabu za kijiji. Wenye pabu wakawajibu kwa kubandika matangazo: wanajeshi weusi tu. Usiku wa tarehe 24 Juni, ugomvi ulioanzia kwenye pabu ya Ye Olde Hob Inn, polisi wa jeshi walipotaka kuwakamata wanajeshi weusi, uliishia kwa risasi, na askari William Crossland akauawa.

Si kila mwenye pabu alikuwa na moyo huo. Mwaka 1964, mjini Bristol, Paul Stephenson, kijana mweusi aliyekuwa ameongoza kampeni ya kususia mabasi mwaka uliotangulia, aliingia pabu ya Bay Horse akaambiwa atoke. Akagoma kutoka. Polisi walimkamata na kumfikisha mahakamani, kesi ikatupwa. Februari 1965 Malcolm X, mtetezi wa haki za weusi wa Marekani, alifika Smethwick, karibu na Birmingham, akajionea mwenyewe pabu iliyowazuia weusi kuketi katika moja ya vyumba vyake. Siku tisa baadaye aliuawa New York. Mwisho wa mwaka huo Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kupiga marufuku ubaguzi wa rangi katika maeneo ya umma, pabu zikiwemo. Kiti tunachokikataa leo kwa kisingizio cha heshima kuna mtu aliwekwa chini ya ulinzi kwa kukikalia.

Bado zipo pabu ambazo ukiingia mazungumzo yanakatika. Toka, nenda ya pili. Wahindi hawakusubiri kupendwa: Smethwick na West Bromwich leo zina pabu zinazoendeshwa na familia za Kipunjabi, nyama za kuchoma zinatoka zikitoa moshi, Mzungu na Mhindi wanatazama mpira meza moja. Waasia waliotoka Afrika Mashariki wamepeleka mogo ya pilipili kwenye meza za Leicester na London, na hiyo ni mihogo yetu.

Pabu zenyewe zinapungua. Mwaka 2000 zilikuwa zaidi ya 60,000 Uingereza nzima, leo zimebaki kama 45,000, zimebanwa na kodi, pango, bei ya umeme na hiyo bia rahisi ya supamaketi. Sheria ya mwaka 2011 inawapa wakazi wa England nafasi ya kuomba jengo lao liorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii, ili likitaka kuuzwa wapate muda wa kuchanga. Wakazi wa Nunhead, kusini mwa London, waliikomboa Ivy House kwa njia hiyo mwaka 2013, mamia yao wakanunua hisa. Tunalipa kodi ya manispaa katika mitaa hiyo hiyo, watoto wetu wanasoma na watoto wa hao walionunua, na tunajua kuchanga kuliko wao, maana misiba na arusi zetu zote tunazibeba kwa michango. Siku pabu ya mtaani itakapoitisha mkutano wa namna hiyo, jina la Juma na la Wanjiku liwemo kwenye daftari la wenye hisa.