Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia: Juu ya Matumbo ya Watu wa Mashamba

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Naomba idhini nikuandikie hadharani juu ya jambo ambalo, kwa kuwa halina kishindo cha tauni wala haraka ya kipindupindu, aghalabu halifiki mezani pa wenye kugawa fedha za utafiti. Nalo ni maradhi sugu ya uvimbe wa matumbo, yaani ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana, katika vijiji vyetu vilivyo mbali na hospitali kubwa. Nakuelekea wewe kwa sababu Tume yako, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo yenye dhamana ya Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, na mfuko huo ni miongoni mwa milango michache ambayo mtafiti wa nchi hii aweza kupiga hodi bila ya kwanza kuvuka bahari.

Imesemwa kwa miaka mingi, tena na watu wa elimu, kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Burrill Crohn na wenzake wawili, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, waliueleza ugonjwa wa Crohn mwaka 1932 huko New York, na tangu hapo vitabu vikayahesabu maradhi haya kuwa ni ya miji ya baridi na viwanda. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyehudumu Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960, aliona kwamba maradhi kadhaa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa nadra kwa wakulima wa Afrika waliokula chakula chenye makapi mengi, na rai yake juu ya chakula imewafaa walimwengu. Lakini yeye alikuwa mtu wa kuuliza, akiziandikia hospitali za misheni ili ajue wanaona nini na hawaoni nini. Waliomfuata walishika jawabu wakaacha kuuliza, na hata leo, ambapo maradhi haya yanaongezeka India na China mbele ya macho ya matabibu wa huko, sisi bado twatosheka kusema kwamba hayapo kwetu, ilhali hatujayatafuta.

Nenda, Mheshimiwa, katika zahanati yoyote ya Mbulu au Kiteto, uombe kwa hisani ya mwenyewe kulitazama daftari la kijana ambaye amekuwa akiharisha damu kwa muda mrefu. Namaanisha lile daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, analolibeba mgonjwa kila aendapo. Utakuta miandiko ya watu mbalimbali: amiba, kapewa Flagyl, taifodi, kapewa vidonge vingine, minyoo, albendazoli, kisha amiba tena, na pembeni mwa kila ukurasa uzito wake, unaoshuka. Mganga wa zahanati simlaumu hata kidogo, kwani amiba ipo kweli, na kwa watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria kichocho cha matumbo kipo kweli, naye hana chombo cha kumwonyesha zaidi ya hapo.

Shida iliyo kubwa kuliko zote ni kifua kikuu cha matumbo. Maradhi hayo na ugonjwa wa Crohn hupenda mahali pamoja, pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Yote mawili hukondesha, huleta homa, huziba njia ya chakula, na hata chini ya darubini yote mawili huonyesha vinundu vinavyoweza kumtatiza bingwa. Mwenye kifua kikuu akipewa steroidi kwa kudhaniwa kuwa ana Crohn, huenda vijidudu vikatapakaa mwili mzima. Na mwenye Crohn akimezeshwa dawa za kifua kikuu miezi sita, miezi hiyo yote utumbo wake unazidi kukaza, mpaka akaishia kwa mpasuaji. Ili kuyapambanua yahitaji kamera ya utumbo, kipande cha nyama kilichokatwa vizuri, na mtaalamu wa kukisoma, navyo hupatikana katika hospitali chache kubwa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi na Bugando, ambazo kwa mtu wa bonde la Yaeda, huko Mbulu, ni safari ya kuuza ng'ombe.

Na hapa ndipo panaponichoma. Mwaka 2014 wanazuoni, wengi wao wa Ulaya na Marekani, walichapisha uchunguzi wa vijidudu vya matumbo ya Wahadzabe 27, jamii ya wawindaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi, na mwaka 2017 ukafuata mwingine ulioonyesha jinsi vijidudu hivyo vinavyobadilika kati ya masika na kiangazi. Ni kazi ya sifa, wala siikebehi; nia yake mojawapo ilikuwa kujua ni kitu gani matumbo ya watu wa nchi za viwanda yamepoteza. Karibu na hapo, katika hospitali ya Haydom iliyofunguliwa mwaka 1955, matumbo ya watoto yamechunguzwa kwa miaka katika utafiti mkubwa wa nchi nane uitwao MAL-ED. Basi asiambiwe mtu kwamba utafiti wa matumbo hauwezekani porini. Kinyesi cha Eyasi kimefika ng'ambo, na mwenye kuharisha damu wa sehemu hiyohiyo hajapata nauli ya kufika Moshi.

Ninachokiomba si majumba, bali fedha za kuyachunguza maswali yetu wenyewe. Kiko kipimo cha kinyesi, cha protini iitwayo kalprotektini, kinachoonyesha kama utumbo umevimba. Lakini hupanda hata kwa maambukizo ya kawaida, kwa hiyo kiwango cha hatari kilichopangwa ng'ambo hakifai kuazimwa tu, sharti kipimwe upya kijijini ambako maambukizo ni mengi. Iko pia nadharia kwamba minyoo huutuliza utumbo: majaribio makubwa ya kuwanywesha wagonjwa wa Crohn mayai ya mnyoo wa nguruwe, Ulaya na Marekani, hayakufaulu, lakini sisi tunaowapa dawa za minyoo watoto wa shule mwaka hadi mwaka tuna swali letu wenyewe juu ya matumbo ya watoto hao watakapokuwa watu wazima.

Najua nitaambiwa malaria kwanza, na uzazi salama kwanza. Sikatai. Walakini maradhi haya aghalabu huwashika vijana, hayaponi, na yakijulikana mapema ziko dawa za zamani za kuyazuia, mojawapo sulfasalazini, iliyopata kuwekwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu. Fauka ya hayo, nchi za Umoja wa Afrika zilikwisha kuahidi, mwaka 2006, kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti.

Kwa hiyo nakuomba, Mheshimiwa, katika tangazo lijalo la ruzuku, utenge fungu la maradhi sugu ya matumbo, kwa sharti kwamba kituo cha kazi kiwe wilayani na si mjini, kwamba rejesta ya wagonjwa ifunguliwe na kutunzwa hapa nchini, na kwamba matokeo yarudishwe kwa mganga wa zahanati kwa lugha anayoisoma. Na jawabu lako, liwe la kukubali au la kukataa, naomba litolewe hadharani kama ilivyotolewa barua hii.