Mwanya wa Pipa Haunywi Mafuta



Wachuuzi wakubwa wamejipatia neno moja wanalolifanya ngao: "Joto." Pipa la mafuta ya taa likifika kisiwani pungufu, wasema ni joto. Mwenye duka wa shamba akinung'unika, aambiwa hana elimu. Nasi twasema: elimu hiyo na iletwe mbele, tuitazame sote.

Hapana akataaye kwamba pipa halijazwi pomoni. Mafuta hutanuka yapatapo joto, na pipa lisilo na nafasi huweza kupasuka. Mwanya huo ni wa haki. Pipa la kawaida la lita 200 huchukua kiasi cha lita 216 likijazwa hadi mdomoni. Kwa hivyo, likisimama wima, sentimita 6 hivi za juu huwa tupu kwa halali. Lakini kila sentimita ya pipa hilo ni lita mbili na nusu. Mwanya ukifika sentimita 13, zimekosekana kama lita 18: debe zima!

Je, joto lanywa debe? Lita 200 za mafuta ya taa zikipoa kwa nyuzi 10 hazipungui hata lita 2. Hizo 16 zilizosalia zimekwenda wapi?

Twaambiwa kuuliza hivi ni fitina. Mwaka 1613, mjini Linz, Austria, Johannes Kepler, bingwa wa elimu ya nyota, alimwona muuza mvinyo akitia ufito katika tundu la pipa na kukata bei papo hapo, bila ya kujali umbo la pipa. Hakuridhika. Aliichungua hesabu ile, na mwaka 1615 akaitolea kitabu kizima. Ikiwa bingwa kama huyo aliutilia shaka ufito wa muuzaji, kwa nini mvuvi wetu anyamazishwe?

Tena melini jambo hili si siri. Utepe wa chuma wenye timazi huteremshwa tangini, ikapimwa nafasi baina ya mdomo wa tangi na uso wa mafuta. Joto likaandikwa, na maji yaliyotuama chini yakatafutwa. Tajiri hapokei mafuta ya tajiri mwenziwe bila ya kipimo. Mnyonge peke yake ndiye atakiwaye kuamini! Na hali Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao vipimo.

Basi twadai haya. Mwanya wa kila pipa upimwe lipakiwapo na lishushwapo, mnunuzi akishuhudia. Kipimo na joto viandikwe katika stakabadhi. Upungufu usioelezwa na joto alipe aliyekuwa na dhamana ya pipa, si mnunuzi.

Nanyi wanachama, msingoje amri. Kila tawi na liwe na ufito wenye alama za sentimita, na mtu asitie saini kabla ya kupima. Debe tupu haliachi kuvuma: haya yetu yaliyopotea njiani na yavume mpaka yasikiwe. Tumelipa fedha kwa mafuta, hatutalipia upepo.