Mandhari Hailipi Deni

Iko itikadi moja iliyoenea kuanzia mikahawa ya Nakuru mpaka afisi za madalali wa Naivasha, ambayo hata waungwana wenye akili timamu huikubali bila kuidai ushahidi: ya kwamba mtu akipata hoteli kuukuu iliyo juu ya kilima, yenye baraza linalotazama bonde na pango jirani la kuwaonyesha wageni, basi amekwisha kupata utajiri, na kazi iliyobaki ni kupaka rangi, kubadilisha mabati, na kungoja watalii. Nimeisikia kwa wastaafu waliokwisha kutia mkononi kiinua mgongo chao, nimeisikia kwa vijana waliorudi kutoka ughaibuni na akiba ya miaka kumi, na hatimaye nimeisikia nyumbani mwangu mwenyewe, kinywani mwa mpwa wangu. Nami nasema, kwa insafu na bila choyo, kwamba ni itikadi batili.

Mpwa wangu alinichukua twende tukaitazame hoteli aliyoonyeshwa, kwenye miinuko ya upande wa Eburru. Ni nyumba ya mawe na mbao za mwerezi, ya zama za walowezi, bati lake limeliwa na kutu, na sakafu ya ukumbi inalia kila unapokanyaga. Dalali alisimama barazani, akanyoosha mkono kuelekea maji ya ziwa yaliyong'aa mbali kule chini, akasema, "Mzee, hiyo mandhari peke yake ni mamilioni." Mimi nikaingia jikoni, nikafungua bomba. Lilikohoa mara mbili, likatema vumbi jekundu na mende mmoja, likanyamaza.

"Mjomba, maji yataletwa kwa boza," akasema mpwa wangu.

Nikamwuliza ni maboza mangapi kwa juma, na barabara ile ya udongo itapitika mwezi gani. Hakunijibu, alikuwa akilipiga picha ziwa.

Sasa hilo la maji si ajali ya nyumba moja, bali ni sifa ya nchi yenyewe. Mapango ya kwetu hayakuchongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa kama yale ya Ulaya yanayoonyeshwa katika vitabu. Ni mapango ya moto. Lava ilipotiririka kutoka mlimani, ngozi yake ya juu ilipoa na kuwa jiwe, ilhali tumbo lake lilizidi kwenda, hata likaisha na kuacha njia tupu. Na pale paa la njia hiyo lilipoanguka, ndipo penye milango tunayoingilia leo. Hivyo ndivyo yalivyofanyika mapango ya mlima Suswa, ambako nyani hushuka kulala usiku. Lakini ardhi hiyo hiyo ya lava na majivu, yenye nyufa kila upande, huyanywa maji ya mvua kabla hayajapata kukaa, na ndiyo maana Suswa na Eburru, pamoja na uzuri wake wote, zina uhaba wa chemchemi, na wakazi wake tangu zamani hutega mvuke unaofuka ardhini, wakaupitisha katika mabomba mpaka ukapoa, wakakinga matone yake. Pango na kiu ni ndugu wa tumbo moja. Anayetangaza pango katika karatasi ya mauzo anatangaza, pasipo kujua, kwamba mnunuzi atanunua maji maisha yake yote.

Atachimba kisima, utaniambia. Na achimbe, lakini maji mengi ya chini ya Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kuwa mpaka, na meno ya kahawia ya watu waliolelewa Nakuru na Naivasha ni ushahidi unaotembea barabarani. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilijishughulisha miaka mingi na machujio ya mkaa wa mifupa kwa sababu hiyo hiyo. Mgeni wa usiku mmoja hatadhurika, lakini mpishi wako na watoto wake watayanywa kila siku.

Nikija kwenye mandhari, naomba msomaji azingatie jambo ambalo dalali hulipita mbio: kwamba kile kinachomleta mgeni si mali ya mwenye hoteli. Chukua Menengai, shimo la volkano lenye urefu wa takriban kilomita 12 na upana wa 8, lililo juu ya jiji letu. Mtu hupanda na gari lake kutoka mjini, akasimama ukingoni, akashangaa kadiri apendavyo, akanunua mahindi ya kuchoma, akarudi kula chakula cha mchana kwake. Mapango yaliyomo nayo yana wateja wake, yaani waumini wanaokwenda kufunga na kuomba, ambao hulala mumo humo juu ya jiwe bila kuuliza bei ya chumba. Suswa iko mikononi mwa jamii ya Wamasai wanaoihifadhi, na ni haki yao kupokea ada ya mgeni na kumpa mwenyeji wa kumwongoza. Wewe mwenye hoteli umebakiwa na nini? Umebakiwa na paa linalovuja.

Nijaribu mfano wa mbali kidogo, kwani sifa za mapango katika Kenya hazipiti zile za Mlima Elgon. Pango la Kitum, ambamo tembo huingia usiku wakakwangua chumvi kwa pembe zao, limesomwa habari zake ulimwenguni kote, ingawa si zote njema, maana wagonjwa wawili wa homa ya Marburg, wa 1980 na 1987, walikuwa wamelizuru. Karibu na mapango hayo iko Mount Elgon Lodge, mali ya serikali; nayo mwaka 2009 iliwekwa katika orodha ya mashirika ya kubinafsishwa, pamoja na hoteli ya Kabarnet. Kama pango peke yake lingetosha kuishika hoteli, serikali isingefikia kuitafutia mnunuzi.

Najua nitakabiliwa na Nyahururu. Hoteli ya Thomson's Falls, iliyo kando ya maporomoko ya maji, ilijengwa mwaka 1931, na hata leo watu wanalala humo. Ni kweli, wala sina haja ya kukana. Lakini tazama ina nini: ina mto uliojaa karibu na mlango, ina mji mzima nyuma ya ua, na ina wenyeji wanaokwenda kula, kunywa na kuozesha watoto wao bila ya mtalii hata mmoja kuonekana. Maporomoko ni kitoweo. Ugali ni mji.

Nao usiku, ambao ndio bidhaa hasa ya mwenye hoteli, unazidi kuadimika. Nairobi na Nakuru zimeachana kwa kilomita 160 hivi, na kila barabara inapopanuliwa mgeni hupata sababu mpya ya kurudi kwake jioni. Wako wanaonionyesha mashindano ya Safari Rally, ambayo tangu 2021 yameijaza Naivasha hata watu wakalala katika magari. Ni siku chache. Mwaka una siku 365, na mlinzi hulipwa zote.

Hati nayo isomwe kwa hadhari. Nyumba za zama zile aghalabu zilisimamishwa juu ya ardhi ya kukodi kwa serikali, na mkataba wa miaka 99 ulioandikwa katika miaka ya 1930 unafikia ukingoni katika miaka hii hii tunayoishi. Nimeona watu wakikagua rangi ya vigae wasigeuze ukurasa wa pili wa hati.

Simkatazi mtu kupenda nyumba kuukuu. Mlowezi Lord Egerton alianza kujenga kasri lake pale Njoro mwaka 1938, likamaliziwa mwaka 1954, naye akafa mwaka 1958. Lakini yeye hakujidai kwamba anafanya biashara, na kwa hilo alikuwa mkweli kuliko madalali wetu. Mwenye fedha za kupoteza na azipoteze kwenye mwerezi na mawe, tutakwenda kumpongeza na kunywa chai yake. Ninayemsemesha ni yule anayeuza shamba la baba yake ili anunue baraza.

Basi, mpwa wangu, na wewe msomaji uliye na hamu kama yake, msitie sahihi bado. Nendeni mkalale huko usiku tatu mwezi wa Februari, na usiku tatu tena mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeshika njia. Kamera iacheni nyumbani, mchukue ndoo. Na kila alfajiri fungueni lile bomba la jikoni, mwandike katika daftari limetoa nini.