Ukiwa juu, unamwona nani kule chini?

Jumapili ya leo naomba tupande mlimani pamoja, kisha tushuke pamoja.

Nimezaliwa Lushoto, katika milima ya Usambara. Ukitoka mjini kuelekea Irente, mwendo wa kilometa chache tu, unafika mahali mlima unapokatika ghafla. Mbele yako hakuna ardhi tena, ni hewa tupu. Chini kabisa, karibu meta 1,000 kutoka ulipo, imelala Mazinde na tambarare ya mkonge, pamoja na reli ya Tanga, ile iliyofika Mombo mwaka 1905. Siku hizi wageni huenda pale kupiga picha. Sisi tulipelekwa na baba.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, mwaka 1978. Mimi nilikuwa na miaka minane, dada kumi, kaka kumi na mitatu. Baba alikuwa kibarua wa mkonge huko chini. Alishuka Jumatatu alfajiri, akapanda Jumamosi jioni, mikono imejaa michubuko ya miiba. Siku hiyo alitusimamisha juu ya jabali, akaniuliza: "Mwanangu, unamwona nani kule chini?"

Nikatazama sana. Niliona mistari ya mkonge kama nywele zilizosukwa, na barabara nyembamba kama uzi. Nikajibu, "Simwoni mtu, baba."

Akacheka kidogo. "Mimi huwa pale pale, wiki nzima. Ukiwa juu hutaniona, lakini nipo."

Nilikua, nikasoma, nikapata kazi Dar es Salaam. Leo meza yangu iko ghorofa ya tisa. Baba ametangulia mbele za haki, na maneno yake niliyahifadhi kama hadithi nzuri ya kusimulia kwenye misiba.

Miaka mitatu iliyopita kaka, ambaye amebaki nyumbani akilima kabichi, alinipigia simu mara tatu katika wiki moja. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, na zilihitajika fedha za sare, godoro na nauli. Mara zote tatu nilimjibu, "Niko kwenye kikao, nitakupigia." Sikupiga. Kijana alichelewa kuripoti, akapoteza nafasi. Kaka hakunilaumu hata kwa neno moja. Alinyamaza tu, nami nikauchukulia ukimya wake kuwa mambo yamekwisha.

Krismasi iliyofuata tulikutana kwa mama. Usiku, tukiota moto, tukaanza kukumbushana siku ile ya Irente. Dada alikumbuka mahindi ya kuchoma tuliyokula njiani. Mama alikumbuka jinsi alivyomgombeza baba kwa kuwapeleka watoto ukingoni. Mimi nikasimulia swali la baba. Kisha kaka akasema, taratibu, "Mimi sikuona kitu siku ile. Nilikuwa nimeshika shati lako kwa nyuma usianguke."

Mpendwa msomaji, miaka yote ile nilidhani nilisimama mwenyewe.

Biblia inatuonyesha watu wengi waliokuwa mahali pa juu, na si wote waliotazama kwa jicho moja. Katika 2 Samweli 11, mfalme Daudi alikuwa juu ya dari la jumba lake. Alipotazama chini alimwona mke wa mtu, akaona kitu cha kuchukua. Katika Mathayo 4, Ibilisi alimpandisha Yesu mlima mrefu, akamwonyesha falme na fahari yake. Hakumwonyesha mjane hata mmoja, wala kibarua. Lakini katika Luka 19, Bwana wetu akiteremka kutoka Mlima wa Mizeituni aliuona mji wa Yerusalemu, akaulilia. Alikuwa akiwaona watu wake na yale yatakayowapata.

Tena katika Mathayo 17, Petro aliyaona mazuri ya mlimani, akataka kujenga vibanda vitatu wabaki huko. Hawakubaki. Na walipofika chini walimkuta nani? Baba mmoja, amepiga magoti, anaomba kwa ajili ya mwanawe mgonjwa. Wakati wote Petro alipokuwa akiwaza vibanda, baba yule alikuwa chini anasubiri.

Wapo watakaoniambia kwamba shida za ndugu haziishi, ukimsaidia mmoja watakuja kumi. Ni kweli, na Mungu hajamwagiza mtu mmoja kuubeba ukoo mzima. Lakini kosa langu halikuwa kukosa fedha. Kosa langu lilikuwa kutojibu. Kama ningesema "sina" siku ile ya kwanza, kaka angekwenda kukopa kwa jirani au kuuza mbuzi. Ahadi yangu ndiyo iliyomfunga mikono. Ndiyo maana naamini kwamba "hapana" ya mapema ni upendo kuliko "nitakupigia" ya mtu aliye juu.

Usiku ule nilimwomba kaka msamaha, na asubuhi nikamwomba kijana wake mbele ya baba yake. Sasa yuko chuo cha ufundi, na nalipa ada bila kukumbushwa. Ile nafasi yake ya kidato cha tano siwezi kumrudishia.

Leo utatoka kanisani ukirudi mahali pako pa juu. Huenda ni cheo ofisini, huenda ni uzee wa kanisa, huenda ni kwamba wewe ndiye uliyesoma peke yako katika familia yenu. Mshukuru Mungu kwa kukufikisha hapo. Kisha, kabla jua halijazama, chukua simu yako, tafuta jina la yule uliyemwambia utampigia, umpigie. Na kama hukumbuki ni nani aliyekushika shati ulipokuwa ukipanda, waulize nyumbani. Wao wanakumbuka.