Usiache mbachao: Funzo la Kibwezi Magharibi kuhusu mitambo ya kura

WAPIGAKURA wa Kibwezi Magharibi, Kaunti ya Makueni, waliamka mapema Agosti 9, 2022 kama Wakenya wenzao kote nchini. Lakini wengi wao walipofika vituoni waliambiwa wasubiri. Mitambo ya KIEMS, iliyotarajiwa kuwatambua kwa alama za vidole, ilikuwa imekataa kufanya kazi.

Foleni zilirefuka huku makarani wakihangaika na vifaa hivyo. Hatimaye aliyekuwa mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), marehemu Wafula Chebukati, alitangaza jijini Nairobi kwamba vituo 84 vya eneobunge hilo, pamoja na vingine katika Kaunti ya Kakamega, viliruhusiwa kutumia sajili iliyochapishwa kwenye karatasi. Baada ya tangazo hilo, shughuli ziliendelea kwa kalamu, rula na karatasi, jinsi zilivyokuwa zikiendeshwa kwa miaka mingi kabla ya kompyuta kuingia vituoni.

Wapo waliolichukulia tukio hilo kama aibu ya teknolojia. Wengine waliliona kama dosari ndogo iliyorekebishwa siku iyo hiyo. Ukweli ni kwamba Kibwezi Magharibi ilitoa funzo ambalo kila afisi inayobadilisha mitambo yake ingepaswa kulizingatia, nalo ni kwamba njia ya kurudi nyuma sharti itengenezwe kabla ya safari kuanza, na ruhusa ya kuifuata isiwe mbali na anayeihitaji.

Kurejea mtindo wa zamani baada ya mpya kukwama si jambo geni katika fani ya kompyuta. Mafundi wanaojua kazi yao hawaiweki programu mpya kabla ya kuhifadhi ile ya awali mahali salama. Mpya ikileta matatizo, huiondoa na kuirejesha ya zamani, kisha wakatafuta chanzo cha dosari bila shinikizo. Wahenga walilisema hilo kwa maneno machache: Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ulimwengu ulikumbushwa hekima hiyo Julai 19, 2024. Kampuni ya Marekani ya CrowdStrike, inayouza programu za kulinda kompyuta, iliwasambazia wateja wake marekebisho yaliyokuwa na dosari. Kompyuta takriban milioni 8.5 zinazotumia Windows zilizimika. Safari za ndege ziliahirishwa, huduma za hospitali na benki zikatatizika, na katika baadhi ya viwanja vya ndege abiria wakaandikiwa pasi za kusafiria kwa mkono. Kampuni hiyo iliyaondoa marekebisho hayo baada ya dakika 78 pekee. Hata hivyo, kompyuta nyingi zilizokuwa zimekwisha kuyapokea hazikuweza kujiponya. Ilibidi mafundi waziendee moja baada ya nyingine.

Kwa hivyo, uamuzi unaotolewa makao makuu, hata uwe wa haraka kiasi gani, haumfikii mara moja aliye mbele ya kifaa kilichozimika. Muda unaopotea kati ya makao makuu na kituo ndio unaoamua ukubwa wa hasara.

Kenya ilikuwa na sababu ya kulijua hilo mapema. Katika uchaguzi wa Machi 4, 2013, vifaa vya kuwatambua wapigakura vilikwama katika vituo vingi, vingine kwa kuishiwa na nguvu za betri katika madarasa yasiyokuwa na umeme. Makarani walirejelea sajili ya karatasi. Mtambo wa kupeperusha matokeo nao ukazidiwa. Aidha, Tume ilikiri kwamba hitilafu katika programu yake ilikuwa ikizidisha idadi ya kura zilizokataliwa mara nane. Hatimaye wasimamizi wa uchaguzi walitakiwa kufika Bomas of Kenya wakiwa na fomu zao mikononi, na matokeo yakatangazwa Machi 9.

Mahakama ya Juu iliudumisha ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta Machi 30, 2013. Ilitambua kuwa mitambo haikosi kasoro, na kwamba sheria ya wakati huo haikuufanya uchaguzi kutegemea kompyuta peke yake. Miaka minne baadaye, Septemba 1, 2017, mahakama iyo hiyo ilibatilisha uchaguzi wa urais, suala la kupeperusha matokeo na kufunguliwa kwa sava za Tume likiwa miongoni mwa yaliyozua utata mkubwa.

Kati ya hukumu hizo mbili, Bunge liliifanyia marekebisho Sheria ya Uchaguzi. Kifungu cha 44A kinaitaka Tume iwe na mbinu ya ziada ya kuwatambua wapigakura na kuwasilisha matokeo, mbinu iliyo rahisi, sahihi, salama, inayoweza kuthibitishwa na yenye uwazi. Maneno hayo yanafanana na yale ya Kifungu cha 86 cha Katiba. Kisheria, basi, njia ya kurudi ilikuwepo kabla ya 2022.

Kilichokosekana ni maafikiano kuhusu lini ifuatwe na nani aifungue. Siku tano tu kabla ya uchaguzi, Agosti 4, 2022, Mahakama Kuu iliamua kwamba sajili ya karatasi itumike pamoja na mitambo. Mkesha wa uchaguzi, Mahakama ya Rufaa ikasitisha utekelezaji wa uamuzi huo. Msimamo wa Tume ulikuwa kwamba karatasi ingetumiwa tu iwapo mtambo ungeshindwa kabisa. Saa chache baadaye, Kibwezi Magharibi ikakabiliwa na hali iyo hiyo iliyokuwa ikibishaniwa mahakamani.

Haifai kuwabeza waliopinga karatasi. Hofu yao ilikuwa na mizizi. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, iligundua kuwa sajili ilijaa majina ya watu waliokwisha kufariki. Mitambo ililetwa ili marehemu wasipige kura na aliye hai asipige mara mbili. Anayerejesha daftari la karatasi bila tahadhari huenda akarejesha pia uovu uliosababisha daftari hilo kuachwa.

Lakini waliotaka karatasi pia hawakuwa wapotovu. Mkulima ambaye vidole vyake vimesuguliwa na jembe, au ajuza ambaye alama zake zimefifia, hana kosa mtambo usipomtambua. Katika maeneo makavu ya Makueni, ambako baadhi ya wapigakura hutembea mwendo mrefu kufika kituoni, anayeambiwa asubiri hadi Nairobi iamue anaweza kurudi nyumbani asionekane tena. Haki yake hupotea bila kelele, na hakuna fomu inayoandika jina lake.

Uzito wa suala hili unadhihirika katika takwimu. Katika hukumu yake ya Septemba 5, 2022, Mahakama ya Juu ilisema mitambo ilikwama katika vituo 235, na kwamba wapigakura 86,889 waliruhusiwa kupiga kura kwa njia ya karatasi, Fomu 32A zikajazwa inavyohitajika. Dkt William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za marehemu Raila Odinga. Tofauti ilikuwa kura 233,211. Zaidi ya hayo, Dkt Ruto alivuka kiwango cha nusu ya kura halali kwa takriban kura 70,000, idadi iliyo chini ya ile ya walioruhusiwa kutumia karatasi.

Takwimu hizo hazimaanishi kura hizo zilikuwa na dosari, na mahakama haikuona hivyo. Zinachoonyesha ni kwamba njia ya dharura inaweza kupitiwa na watu wengi wa kutosha kuamua uchaguzi wa taifa zima. Uzito wake katika eneobunge ni mkubwa zaidi. Mwengi Mutuse, aliyechaguliwa mbunge wa Kibwezi Magharibi siku hiyo, ndiye aliyewasilisha Oktoba 2024 hoja iliyomwondoa mamlakani Naibu Rais Rigathi Gachagua.

Uchaguzi mkuu ujao umepangiwa Agosti 10, 2027. IEBC, ambayo makamishna wake wapya chini ya Bw Erastus Ethekon waliapishwa Julai 2025, ina nafasi ya kuyatatua haya kabla ya kampeni kupamba moto.

Kwanza, mitambo ijaribiwe katika vituo itakakotumika, ikiwa na sajili na programu ile ile ya siku ya kura. Mtambo unaofanya kazi barabara katika ghala la Nairobi haujathibitisha kwamba utawaka Makindu au Nguumo.

Pili, muda wa kusubiri uwekewe kikomo kinachojulikana na wote. Mtambo ukikwama na wa akiba ukakosekana au ukashindwa, msimamizi wa eneobunge awe na mamlaka ya kuidhinisha karatasi mbele ya maajenti wa vyama, kisha aiarifu Tume. Si lazima kituo kilichoko Kibwezi kingoje kikao cha Nairobi.

Tatu, sajili iliyochapishwa ikaguliwe na vyama vyote mapema, na Tume itangaze idadi ya Fomu 32A zilizojazwa katika kila kituo pamoja na matokeo yenyewe. Karatasi iliyokaguliwa hadharani haiwezi kuwa maficho ya marehemu.

Kesi kuhusu njia ya kurudi pia zisikizwe na kukamilishwa miezi kadhaa kabla ya uchaguzi. Karani hawezi kufunzwa utaratibu ambao majaji wangali wanaubishania usiku wa kuamkia siku ya kura.

Vituo vya Kibwezi Magharibi vilifidiwa muda uliopotea, wananchi wakapiga kura na maisha yakaendelea. Hilo lisiwape viongozi faraja ya bure. Karatasi iliokoa siku kwa sababu ilikuwepo. Ilichelewa kuiokoa kwa sababu ufunguo wake ulikuwa mbali, na aliyeulipia ucheleweshaji huo ni mpigakura aliyekuwa kwenye foleni tangu alfajiri.