Nyumba ya Jirani Ikitangazwa Cyamunara: Tunakimbilia Nini?



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, kuna jambo limekuwa la kawaida mno hapa Rusizi, nasi tumeona tusilinyamazie. Tangazo la cyamunara, yaani mnada wa nyumba ya mtu aliyeshindwa kulipa mkopo, linapita simu kwa simu. Nyumba iko Kamembe au Bugarama, imetunzwa vizuri, ina maji na umeme, majirani ni watu wema, msikiti uko karibu, na bei inatazamiwa kuwa chini ya soko. Mara utasikia: "Maashaa Allah, hiyo ni riziki, wahini!"

Sisi tunasema: subirini kwanza. Ndani ya nyumba hiyo bado kuna watu, na watu hao tunaswali nao safu moja.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kuwa kununua mnadani ni haramu. Imepokewa kuwa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) mwenyewe alinadi tandiko na bakuli la masikini mmoja wa Answaar. Wa kwanza alitoa dirham moja, Mtume akaomba nyongeza, wa pili akatoa mbili. Lakini tuitazame hadithi hiyo mpaka mwisho wake. Dirham moja ilinunua chakula cha familia, ya pili ikanunua shoka, na yule mtu akaenda kukata kuni akajitegemea. Mnada ule ulimwinua mwenye mali. Je, huu tunaoukimbilia sisi unamwacha jirani na shoka gani?

Wanazuoni nao hawakuichukulia nyumba ya mdaiwa kama mali nyingine. Katika madhehebu ya Hanbali, nyumba anayoihitaji kwa makazi haiuzwi. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, inaweza kuuzwa, lakini mdaiwa hukodishiwa pa kukaa. Wametofautiana, ila hakuna aliyesema atupwe nje na watoto wake kisha tupongezane.

Tunajua majibu yanayotolewa, na tuyajibu moja moja.

La kwanza: "Alichukua mkopo wa riba, acha aone." Riba ni dhambi kubwa, hilo halina mjadala. Lakini fungueni Suratul Baqarah. Aya za kukemea riba zinaishia aya ya 279, na mara tu aya ya 280 inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kusamehe ni bora zaidi. Mwenyezi Mungu ameziweka pamoja, sisi kwa nini tunazitenganisha?

La pili: "Ni uzembe wake." Wapo wazembe, hatukatai. Lakini mji wetu unaishi kwa daraja la kwenda Bukavu. Mwaka 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na Rusizi ikabaki kwenye karantini hata wilaya nyingine zilipofunguliwa. Februari 2025 vita vikafika Bukavu kwenyewe. Mfanyabiashara aliyepeleka bidhaa kwa mkopo ng'ambo ya mto, fedha yake isirudi, tumwite mzembe? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

La tatu, na hili ndilo zito: "Nisiponunua mimi, atanunua mtu wa mbali." Ni kweli. Tangu 2020 minada hii hufanyika kwa intaneti. Zamani mnunuzi alisimama mbele ya nyumba, akamwona mama mwenye nyumba uso kwa uso. Leo anabonyeza simu usiku akiwa Kigali. Ndiyo maana tunasema kazi yetu ifanyike kabla ya siku ya mnada, kwa sababu deni likilipwa kabla, hakuna mnada tena.

Tupige hesabu. Anayetaka kushindana huweka kwanza dhamana ya asilimia 5 ya thamani ya nyumba. Familia tano za msikiti mmoja zikiwa tayari kushindania nyumba hiyo, maana yake zina mkononi robo nzima ya thamani yake. Kiasi hicho kikikusanywa kama qardhi hasana na kupelekwa kwa mkopeshaji mapema, kinaweza kufungua mlango wa kuomba malipo mapya. Tunazo fedha za kushindana, tunakosa za kukopeshana?

Basi tunashauri hivi:

1. Ukiona tangazo, mwendee jirani kabla hujauliza bei. Mwendee kwa siri, usimfedheheshe.

2. Imamu na wazee wa msikiti waitane, waone kama deni linaweza kubebwa kwa pamoja, na liandikwe kama Qur'ani ilivyoamrisha.

3. Ikishindikana, asaidiwe kuuza mwenyewe kwa bei ya haki, mkopeshaji akikubali. Kinachobaki baada ya deni kiwe shoka lake.

4. Ikifika mnadani na ukanunua, mpe muda wa kuhama, au mpangishe kwa kodi anayoiweza. Na kabla ya kutoa fedha, hakikisha hati ya ardhi, mipaka, na majina yote yaliyomo. Mke mwenye haki katika nyumba asidhulumiwe kwa haraka yako.

Na ninyi wanafunzi mnaotarajia kuoa na kujenga, jifunzeni jambo hili mapema. Mnasema mnataka nyumba iliyotunzwa katika mtaa wenye majirani wema. Ile nyumba ilitunzwa na mkono wa mtu. Na wema wa mtaa ni kujuliana hali, kushikana mtu anapoteleza. Ukiingia kwa njia ya kumkimbilia aliyeanguka, umenunua kuta na bati; majirani wanakutazama, na wanajua kesho ukianguka wewe watafanya nini.

Tunamuomba Allah awalipie wenye madeni madeni yao, na atujaalie majirani wa kutegemewa. Aamiin.

Wabillaahi tawfiiq.