Uhaba wa Ujerumani Si Ajira Yako

Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Siku hiyo hiyo nambari moja ikavuma kila mahali: Wakenya 250,000 watapata kazi Ujerumani. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilijitokeza ikasema waziwazi kwamba habari hiyo si ya kweli, na kwamba mkataba hautaji idadi yoyote wala mgao wowote wa nafasi. Kanusho lilisomwa na wachache. Nambari ndiyo iliyofika vijijini, na hata leo utamsikia kijana akiitaja anapomwomba baba yake auze kipande cha shamba ili apate nauli na ada ya wakala.

Habari zile zile zilikuwa na nambari nyingine, ndogo, ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Madereva wa mabasi kutoka Kenya waliokuwa wameshapokelewa Flensburg, kaskazini mwa Ujerumani, chini ya mradi wa majaribio, walikuwa watano.

Nimeandika makala haya kuishambulia imani inayotufanya tuishike nambari ya kwanza na kuiacha ya pili ipite. Imani hiyo inasemwa kila siku, matatuni, kanisani, msikitini, hata bungeni: Wazungu wamezeeka na hawana wafanyakazi, sisi tuna vijana waliosoma na hawana kazi, kwa hiyo kazi ipo, kilichobaki ni paspoti na mtu wa kukupeleka. Mambo mawili ya kwanza siyapingi. Wataalamu wa soko la ajira wa Ujerumani wamesema kwa miaka sasa kwamba nchi yao inahitaji wahamiaji wapatao 400,000 kila mwaka ili nguvukazi yake isipungue, na pengo la wauguzi katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee halina ubishi. La tatu ndilo uongo. Uhaba wa wafanyakazi katika nchi ya watu ni shida ya watu hao. Haugeuki kuwa kazi yako mpaka sheria yao, lugha yao na mamlaka zao za taaluma zikubali kwamba mtu wanayemkosa ni wewe.

Mtazame muuguzi. Tuseme ni dada aliyemaliza stashahada katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), akasajiliwa na Baraza la Wauguzi, akafanya kazi miaka minne katika hospitali ya kaunti kwa mikataba ya muda. Amezalisha akina mama, amefunga vidonda, amekesha peke yake na wadi nzima ya wagonjwa. Ujerumani haimjui. Kule uuguzi ni taaluma inayolindwa na sheria, na hakuna anayeitwa muuguzi mpaka mamlaka ya jimbo anakotaka kufanya kazi iyalinganishe masomo yake na ya kwao. Majimbo ni 16. Mafunzo ya muuguzi wa Kijerumani huchukua miaka mitatu, saa 2,100 za darasani na 2,500 za vitendo, na ulinganishaji hufanywa kwenye karatasi: alisoma nini, kwa saa ngapi, alifanya mazoezi katika wadi zipi. Karatasi zote zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Mara nyingi jibu linalorudi ni orodha ya mapungufu, naye huchagua kati ya kusoma na kufanya mazoezi ya kuziba pengo, au kufanya mtihani wa kupima maarifa yake. Wakati wote huo analipwa kama msaidizi, akiogesha na kulisha wagonjwa chini ya usimamizi wa watu ambao baadhi yao hawajawahi kuubeba mzigo aliokuwa akiubeba yeye huku nyumbani.

Na yote hayo hufanyika kwa Kijerumani. Kiwango anachodaiwa muuguzi kwa kawaida ni B2. Maana yake aweze kupokea zamu, kuandika ripoti ambayo daktari ataitegemea, na kumtuliza mzee aliyechanganyikiwa saa nane za usiku. Kutoka kutojua neno hata moja hadi B2 ni saa kama 600 hadi 800 za masomo. Kwa mtu anayefanya zamu za usiku na ana mtoto nyumbani, hiyo ni miaka, na karo ya lugha hulipwa kabla hajaiona hata senti moja ya euro. Matangazo yanayomwahidi safari baada ya miezi michache hayamwambii hivyo.

Kwa mwalimu mlango ni mwembamba zaidi. Shule za Ujerumani zina uhaba wa walimu, ndiyo, lakini mwalimu wa kule kwa kawaida hufuzu kufundisha masomo mawili, hupita mitihani ya serikali, na huongea lugha karibu sawa na mzawa. Mwalimu wa Kiswahili na Historia kutoka Kakamega hana darasa linalomngoja.

Fundi wa magari aliyejifunzia gerejini ana tatizo la kinyume: ujuzi anao, karatasi hana. Tangu Machi 2024 sheria ya Ujerumani imelegezwa kidogo kwa kazi zisizohitaji leseni ya taaluma. Mtu mwenye mafunzo ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na serikali ya nchi yake, pamoja na uzoefu wa miaka miwili, anaweza kuajiriwa bila masomo yake kulinganishwa kwanza, mradi mshahara ufikie kiwango kilichowekwa. Wataalamu wa kompyuta wamesamehewa hata cheti, wakionyesha uzoefu. Fundi wa gereji hajasamehewa. Hata akifanya mtihani wa daraja wa NITA, mamlaka ya Kenya ya mafunzo ya viwandani, na kuufaulu, karatasi hiyo inasema anaweza kazi. Haisemi alifundishwa miaka miwili. Tunamwambia dunia inalilia mafundi bila kumwambia kwamba kwa sheria ile yeye si fundi.

Kuna wanaosema basi twende Uingereza, lugha tunayo. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilikubaliana kuhusu kuwapeleka wauguzi wetu kule. Novemba mwaka huo, Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kwamba kati ya wauguzi wapatao 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Watu hawa walifundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi na waliandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku. Waliochekwa mitandaoni ni wao. Waliostahili kuulizwa ni waliotia saini mkataba kabla ya kujua mtihani huo unapima nini na nani angewaandaa. Na aliyefaulu alikuwa bado ana mitihani miwili ya taaluma mbele yake. Ule wa vitendo peke yake una ada ya pauni 794.

Lakini somo kubwa la Uingereza limo katika kazi ya kuhudumia wazee. Februari 2022 serikali ya huko ilifungua viza kwa wahudumu kutoka nje, na kutoka Kenya, Nigeria, Zimbabwe na kwingineko wakaenda watu wenye shahada, walimu na makarani wa benki miongoni mwao, wakawageuze na kuwaogesha wazee majumbani. Siibezi kazi hiyo. Ni kazi ya heshima na ni ngumu. Machi 2024 wakakatazwa kuingia na waume, wake na watoto wao. Julai 22, 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa waombaji wapya kutoka nje. Katikati ya hapo, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, waajiri zaidi ya 470 wa sekta hiyo walinyang'anywa leseni za kuleta wafanyakazi, na waliohusishwa nao walikuwa zaidi ya watu 39,000. Anayempoteza mdhamini kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mwingine, la sivyo aondoke nchini.

Wazee wa Uingereza hawakupungua Julai 2025, wala vijana wa kuwahudumia hawakuzaliwa usiku mmoja. Uhaba uliofungua mlango ulikuwa bado uko pale pale ulipofungwa. Kilichobadilika ni hesabu ya kura. Raia wa kule walichoka kusikia habari za wahamiaji na wanasiasa wao wakawasikiliza. Anayejenga maisha yake juu ya uhaba wa nchi nyingine na ajue kwamba uhaba hauna sauti katika uchaguzi wao. Ujerumani si tofauti. Mkataba wetu wa Berlin ulitiwa saini Ijumaa. Jumatatu iliyofuata Ujerumani ilipanua ukaguzi hadi mipaka yake yote ya nchi kavu. Na mkataba huo huo tulioshangilia unazungumzia pia kurudishwa nyumbani kwa Wakenya wasio na haki ya kuishi kule. Sehemu hiyo haikuimbwa uwanjani.

Upo pia mpango wa Ujerumani ulioanza Juni 2024, unaompa mtu mwenye ujuzi ruhusa ya kuingia na kutafuta kazi hadi mwaka mmoja. Wengi wameupokea kama ajira. Ni ruhusa ya kutafuta, yenye kibali cha kibarua cha saa 20 kwa wiki, na mwombaji lazima aonyeshe namna atakavyojikimu. Mpango huo ulipoanza, kiwango kilikuwa euro 1,027 kwa kila mwezi. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu za Kenya, zikiwa zimefungiwa benki. Kijana mwenye fedha kama hizo ni nadra kumkuta kwenye foleni ya watafuta kazi.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu inawafaa watu wenye nguvu. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9. Serikali inayozipenda dola hizo, na iliyoshindwa kuwaajiri wauguzi iliowasomesha yenyewe, hupata raha mara mbili inapotangaza kazi za ng'ambo: inapata makofi leo na inaahirisha swali la ajira ya hapa hadi kesho. Wakala naye hahitaji kusema uongo wake mwenyewe. Anaurudia ule uliosemwa na waziri, kisha anatoza ada. Wazazi wa Uasin Gishu waliochangisha na kuuza mali ili watoto wao waende kusoma Finland na Kanada, katika mpango uliokuja kukwama, waliamini kwa sababu mpango huo ulibeba jina la kaunti. Si wajinga. Waliamini muhuri.

Najua jibu litakalokuja: mbona fulani amefika, anajenga, anasomesha wadogo zake? Ni kweli, na ninamheshimu. Muulizeni alivyofika. Atawaambia habari za vitabu vya Kijerumani alivyosoma akiwa kwenye zamu, barua zilizorudi mara mbili, mtihani alioufanya upya, mwajiri aliyemsubiri. Hakuna hata sehemu moja ya safari yake iliyotokana na mkataba wa Berlin. Tunawadhulumu watu hawa tunapoita kazi yao bahati, kisha tukaigawa bahati hiyo kwa wengine kama tiketi.

Kuna nchi zilizotambua mapema kwamba safari kama hiyo huhitaji maandalizi. Ufilipino imekuwa na chombo cha serikali cha kusimamia ajira za ng'ambo tangu 1982, na sasa ina wizara kamili. Tangu 2013 wauguzi wake wameenda Ujerumani kwa mpango unaoendeshwa na shirika la ajira la Ujerumani pamoja na GIZ, shirika la nchi hiyo la ushirikiano wa kimataifa. Chini ya mpango huo muuguzi husoma Kijerumani kabla ya kupanda ndege, na gharama ya masomo na ya kutambuliwa kwa taaluma yake hubebwa na mwajiri. Jimbo la Kerala nchini India nalo limeingia. Hao hawakutangaziwa robo milioni. Walikaa mezani na kupanga nani anamlipa mwalimu wa lugha.

Hayo ndiyo ninayomdai waziri atakayerudi na mkataba mwingine mkononi. Atuambie ni waajiri wangapi waliotia saini mikataba yenye majina ya watu ndani yake, na anayelipia lugha ni nani. Na kabla hajasafiri, lipo jambo analoweza kuliagiza hapa Nairobi, na halihitaji mkopo wala mfadhili. Kila mhitimu wa uuguzi wa KMTC akabidhiwe, pamoja na cheti chake, hati inayoonyesha somo kwa somo na wadi kwa wadi idadi ya saa alizosoma na alizofanya kwa vitendo, ikiwa na muhuri wa chuo na tafsiri rasmi ya Kijerumani. Dada wa zamu za usiku asingojee miezi kutafuta saini ya mkuu wa chuo aliyekwisha kustaafu ili athibitishe kwamba wadi ya watoto aliwahi kuifanyia kazi.